Nyufa Nazo ni Taarifa ya Soko: Arusha Yatakiwa Kupima Afya ya Majengo na Madaraja

MFANYABIASHARA anayetafuta fremu katikati ya jiji la Arusha huuliza maswali mengi kabla ya kutoa fedha. Huuliza kodi ya pango kwa mwezi, kilemba ni shilingi ngapi, mita ya umeme ni ya peke yake au ya kuchangia, na wateja wa mtaa huo ni wa aina gani. Ni mara chache mtu kuuliza nguzo zilizobeba ghorofa za juu zina hali gani, au ni lini mhandisi alizikagua kwa mara ya mwisho.

Gharama ya kutouliza ilionekana Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya Jumamosi Novemba 16, 2024, pale jengo la ghorofa 4 lililokuwa na maduka na stoo za bidhaa lilipoporomoka wakati shughuli za siku zinaanza. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wakiwamo wafanyabiashara, na mali nyingi ikabaki chini ya kifusi. Ilielezwa wakati ule kuwa kazi ya kuchimba na kupanua sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea huku maduka ya juu yakiwa wazi. Serikali iliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2006 hoteli ya ghorofa ya Chang'ombe Village Inn iliporomoka jijini humo, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Edward Lowassa, akaunda tume ya kukagua maghorofa. Machi 29, 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Kila safari tume huundwa na ripoti huandikwa, kisha baada ya miezi michache mazungumzo ya soko hurudi kwenye kodi na kilemba.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo wa Arusha, suala hili ni la mtaji kabla ya kuwa la kitaalamu. Je, kuna njia ya kujua mapema, kwa gharama inayobebeka, kwamba jengo au daraja limeanza kuchoka? Wahandisi wanajibu kuwa njia zipo, na baadhi yake zina bei ya kipande cha kioo na gundi. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuandika vipimo na mtu wa kuvifanyia kazi.

KWA NINI ARUSHA

Sababu ya kwanza ni ukuaji wa jiji lenyewe. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 416,000 katika Jiji la Arusha. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 617,000, yaani ongezeko la karibu nusu katika miaka 10. Watu hao wanahitaji vyumba, maduka, shule na zahanati, na kwa kuwa viwanja vya katikati haviongezeki, majengo yanakwenda juu. Nyumba zilizoanza kama makazi hugeuzwa maduka, na zile za ghorofa moja huongezewa ya pili na ya tatu. Aidha, mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 2027, ambayo Tanzania imepewa kuyaandaa pamoja na Kenya na Uganda, yameongeza hamu ya kujenga hoteli na nyumba za wageni tangu ujenzi wa uwanja mpya wa Arusha ulipoanza mwaka 2024.

Sababu ya pili ni ardhi. Jiji limekaa kwenye miteremko ya Mlima Meru, volkano yenye urefu wa zaidi ya meta 4,500 ambayo mara ya mwisho ililipuka mwaka 1910. Udongo wenye majivu ya volkano unafaa sana kwa migomba na kahawa, lakini kwa mjenzi una masharti yake. Udongo wa aina hiyo ukilowa sana unaweza kupungua nguvu au kushuka, na jengo lenye msingi mfupi likashuka upande mmoja zaidi ya mwingine. Mito ya Themi, Naura, Ngarenaro na Burka inatoka mlimani kwa mteremko mkali, na wakati wa masika hubeba mchanga na mawe.

Sababu ya tatu ni Bonde la Ufa. Julai 2007 matetemeko mfululizo yalitokea karibu na Mlima Gelai, kaskazini-magharibi ya Arusha. Kubwa zaidi lilikuwa la Julai 17, lenye ukubwa wa 5.9, ambalo lilisikika Arusha na hata Nairobi, ambako watu walitoka mbio kwenye maghorofa. Miezi michache baadaye Oldonyo Lengai ukalipuka. Kabla ya hapo, Mei 1964, tetemeko la ukubwa wa 6.4 lilitokea eneo la Mbulu.

Ukubwa wa 5.9 si jambo dogo. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa na ukubwa huo huo, likaua watu 17 na kubomoa nyumba nyingi Bukoba na vijiji vya jirani. Tofauti kubwa ni kwamba la mwaka 2007 lilitokea mbali na miji, ilhali la Kagera lilitokea karibu na watu.

Wahandisi wengi nchini wamezoea kupiga hesabu za zege kwa kufuata kitabu cha viwango cha Kiingereza kiitwacho BS 8110, kilichoandikwa kwa nchi isiyosumbuliwa na matetemeko. Kwa hiyo jengo lililofuata kitabu hicho peke yake halikupigiwa hesabu ya tetemeko. Hilo halina maana kwamba jengo litaanguka. Maana yake ni kwamba baada ya kila mtikisiko mwenye jengo anahitaji kujua kama kuna kilichobadilika, na hawezi kujua kama hakuwa na kipimo cha awali.

KUGONGA CHUNGU

Mama anayenunua chungu sokoni hukigonga kwa kidole kabla ya kulipa. Chungu kizima hulia vizuri, chenye ufa hutoa sauti ya kukwaruza au iliyofifia, hata kama ufa wenyewe hauonekani. Upimaji wa kisasa wa afya ya majengo na madaraja unafuata kanuni hiyo hiyo.

Kila jengo hucheza kidogo kwa upepo, kwa magari yanayopita na kwa hatua za watu waliomo ndani, ingawa mtu wa kawaida hahisi. Jengo la zege la ghorofa 10 huchukua kama sekunde moja kwenda upande mmoja na kurudi, na la ghorofa 4 huchukua chini ya nusu sekunde. Mwendo huo hutegemea uzito wa jengo na ukakamavu wake. Nguzo zikipasuka au nondo zikiliwa na kutu, ukakamavu hupungua na mwendo hupungua pia. Hesabu yake inafahamika: ukakamavu wa jengo ukipungua kwa asilimia 20, mwendo wake hupungua kwa asilimia 10 hivi, na mabadiliko ya kiasi hicho chombo huyaona bila shida.

Vyombo vinavyosikiliza mwendo huo huitwa vipima mtikisiko. Zamani vilikuwa vya bei kubwa na vya maabara tu. Leo chembe ya elektroniki ya jamii hiyo imo ndani ya kila simu ya kisasa, ndiyo inayofanya picha igeuke mtumiaji anapolaza simu. Vyombo vinavyofungwa kwenye madaraja ni makini zaidi, lakini kushuka kwa bei ya chembe hizo kumefanya upimaji uwezekane hata kwa majengo ya kawaida.

Arusha haihitaji kwenda mbali kuona faida ya kupima mfululizo. Tangu mwaka 2016 mitambo ya GPS imefungwa kuzunguka Oldonyo Lengai kwa ushirikiano wa watafiti wa Marekani, Chuo Kikuu Ardhi na wengine, ikipima ardhi inavyopanda na kushuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kuwa mlima huo ulivimba kwa kasi kuanzia Machi hadi Desemba 2022, jambo ambalo mpita njia asingeliona. Njia hiyo hiyo ya GPS hutumika kwenye madaraja marefu ya dunia kupima yanavyolegea na kupinda.

NGAZI TATU ZA UPIMAJI

Ngazi ya kwanza ni ya macho, penseli na kioo. Ufa unapoonekana ukutani, alama ya penseli huwekwa mwisho wa ufa kila upande na tarehe huandikwa pembeni. Kipande chembamba cha kioo hubandikwa kwa gundi ngumu kukatiza ufa. Kioo kikivunjika, ufa unatembea. Upana hupimwa kwa rula kila mwezi na kuandikwa kwenye daftari.

Kuna vipimo ambavyo wahandisi wa Uingereza wametumia kwa miaka mingi kwa kuta za matofali. Ufa usiozidi milimeta 1 huhesabiwa kuwa wa plasta na rangi. Hadi milimeta 5 ni wa kurekebishwa. Kati ya milimeta 5 na 15 ni wa kumwita mtaalamu, na milango huanza kukwama. Zaidi ya milimeta 25 usalama wa jengo wenyewe huwa mashakani. Hata hivyo, vipimo hivyo ni vya kuta. Kwa nguzo na bimu hakuna kusubiri kiasi hicho: ufa wa mshazari karibu na mahali bimu inapokaa, zege linalomeguka hadi nondo kuonekana, au michirizi ya kutu, vyote ni vya kumwita mhandisi wiki hiyo hiyo. Nguzo inayopondeka au kutoa mlio ni ya kutoka nje mara moja na kuzuia wengine wasiingie.

Ngazi ya pili ni ya vifaa vya mkono. Nyundo ya Schmidt hugonga zege na kusoma linavyorudisha pigo, ili kukadiria ugumu wake. Kifaa cha mawimbi ya sauti hutafuta mapengo ndani ya zege. Kingine huonyesha nondo ziko wapi na zimefunikwa na zege kiasi gani. Kazi hizi zinafanywa na wahandisi washauri waliosajiliwa, na Arusha ina bahati ya kuwa na Chuo cha Ufundi Arusha, chenye idara ya ujenzi, pamoja na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela huko Tengeru.

Ngazi ya tatu ni ya vyombo vinavyokaa kwenye jengo au daraja siku zote na kutuma vipimo kwenye kompyuta. Ngazi hii inafaa kwa madaraja makubwa, viwanja vya michezo, kumbi za mikutano na majengo marefu, ambako siku moja ya kufungwa ina hasara kubwa kuliko bei ya vyombo.

UZITO AMBAO HAUKUPIGIWA HESABU

Kwa wafanyabiashara, hatari iliyo karibu zaidi ni uzito. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 hivi kwa kila meta moja ya mraba, mbali na uzito wa jengo lenyewe. Sakafu ya duka hupigiwa kilo 400 hivi. Stoo hupigiwa zaidi, kwa kadiri ya kimo cha bidhaa zitakazopangwa.

Mfuko mmoja wa saruji au sukari una kilo 50. Mifuko 3 ikikaa kwenye meta moja ya mraba tayari imefikisha kilo 150. Mfanyabiashara aliyepanga chumba cha makazi ghorofa ya pili na kukigeuza stoo, akapanga mifuko kwa kimo cha mtu, ameizidishia sakafu uzito mara kadhaa bila kuvunja ukuta hata mmoja. Tangi la maji la lita 5,000 juu ya paa nalo ni tani 5 likijaa.

Sakafu haianguki siku ileile. Hupinda kidogo, hupasuka kwa chini na kuendelea kubeba, na mwenye bidhaa hujiona amefanikiwa. Ndiyo maana mabadiliko ya matumizi ya jengo, pamoja na kuchimba chini au kuondoa ukuta ili kupanua duka, ni wakati wa kupima kuliko wakati mwingine wowote.

MADARAJA NA NJIA ZA BIDHAA

Bidhaa za Arusha zinapita juu ya madaraja. Vitunguu vya Mang'ola, nyanya na mboga za Arumeru, maua ya Usa River, na shehena inayokwenda Nairobi kupitia Namanga au bandarini kupitia Moshi, vyote vinavuka mito na makorongo. Barabara ya njia nne ya Sakina hadi Tengeru yenye kilometa 14.1, na barabara ya mchepuko yenye kilometa 42.4, zimepunguza msongamano mjini. Wakati huo huo zimeongeza idadi ya madaraja na makalavati ya kutunzwa.

Duniani kote adui mkubwa wa madaraja ni maji yanayochimba chini ya misingi. Mto ukifurika, kasi ya maji hufukua mchanga kuzunguka nguzo, na mafuriko yakipungua shimo hufunikwa tena na mchanga laini. Mkaguzi anayekuja kiangazi huona daraja limesimama vizuri, kumbe mguu wake umening'inia. Kwa mito ya Meru yenye mteremko na mchanga mwingi, ukaguzi unaofaa ni ule unaofanywa mara baada ya mafuriko, kwa kupima kina chini ya kila nguzo na kukilinganisha na cha mwaka uliopita.

Wasafirishaji wanakumbuka Machi 2, 2020, pale mvua zilipokata barabara kuu ya Morogoro hadi Dodoma kwenye kalavati la Kiyegeya, Gairo. Malori ya Dodoma, Kanda ya Ziwa, Rwanda, Burundi na Kongo yalikwama pande zote mbili. Mei 2024 ilikuwa zamu ya barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, iliyokatika eneo la Somanga. Mwenye nyanya kwenye lori hana cha kusubiri. Siku mbili za kukwama zinatosha kumaliza faida ya safari nzima na mtaji wake.

Kuna mfano wa kutia moyo katika reli. Njia ya Moshi hadi Arusha, iliyofika mjini mwaka 1929, ilikaa zaidi ya miaka 30 bila treni za abiria hadi ilipofunguliwa tena Oktoba 2020. Kabla ya treni kupita, njia ilibidi ifanyiwe ukaguzi na ukarabati, madaraja yakiwamo. Hakuna aliyedhani treni ingepita juu ya madaraja ya zamani kwa imani tu. Nidhamu hiyo ya reli ndiyo inayotakiwa kwa jengo linalobadilishwa matumizi.

Marekani ilijifunza kwa gharama. Mwaka 1967 Daraja la Silver lilianguka ndani ya Mto Ohio na kuua watu 46, na ndipo ukaguzi wa madaraja ukawekewa sheria ya taifa, kwa kawaida kila miezi 24. Hata hivyo, Agosti 1, 2007 daraja la I-35W mjini Minneapolis lilianguka na kuua watu 13, kwa sababu mabamba ya chuma ya viungo yalikuwa membamba kuliko ilivyotakiwa tangu kuchorwa kwake. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2008 lilifungwa vipimo zaidi ya 300 vya mtikisiko, joto, kutu na mvutano.

TAARIFA BILA MTU WA KUIFUATA

Uzoefu unaonyesha kuwa majengo mengi yaliyoua watu yalitoa taarifa kwanza. Aprili 23, 2013 nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza nje ya Dhaka, Bangladesh. Benki iliyokuwa ghorofa za chini iliwaondoa wafanyakazi wake, na maduka yakafungwa. Viwanda vya nguo vya ghorofa za juu viliwaamuru wafanyakazi warudi kazini kesho yake, kwa kuwa oda za nje zilikuwa zinasubiriwa. Jengo lilianguka asubuhi hiyo na watu 1,134 wakafa. Taarifa ilikuwa moja kwa wapangaji wote. Waliotofautiana ni wenye maamuzi.

Jirani zaidi, Aprili 29, 2016 jengo la ghorofa 6 la kupangisha kando ya mto huko Huruma, Nairobi, lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Maofisa wa Kenya walieleza kuwa jengo hilo lilikuwa limekwisha kuwekewa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwa ukutani, na wapangaji walikuwa ndani wakilipa kodi.

NANI ALIPE, NANI AFAIDIKE

Mwenye jengo husema upimaji ni gharama isiyoleta kodi. Hesabu ya soko inaonyesha vingine. Bima za majengo kwa kawaida haziwajibiki kwa uchakavu wa taratibu na kasoro za ujenzi, hata pale ambapo tetemeko limeongezwa kwenye mkataba. Mwenye daftari la vipimo la miaka 3 ana ushahidi kwamba ufa ulitokea siku ya tetemeko na haukuwapo kabla. Asiye na daftari anabaki na maneno matupu mbele ya mkadiria hasara.

Kwa benki, jengo ni dhamana ya mkopo wa miaka mingi. Mthamini huangalia mahali, ukubwa na kodi inayoingia, lakini dhamana yenye nguzo zinazoliwa na kutu hushuka thamani kabla mkopo haujaisha. Ripoti ya mhandisi kila baada ya miaka michache ni gharama ndogo ikilinganishwa na mkopo wenyewe.

Wawekezaji wadogo wanaonunua sehemu ya jengo wana sababu ya ziada. Sheria ya Hati Miliki za Sehemu ya Jengo ya mwaka 2008 inamruhusu mtu kumiliki chumba au ofisi ndani ya ghorofa, huku mwili wa jengo, yaani msingi, nguzo na paa, ukiwa wa wamiliki wote kwa pamoja. Anayenunua ghorofa ya nne amenunua pia sehemu ya msingi ambao hajauona. Umoja wa wamiliki usiotenga fedha za kukagua mwili wa jengo unasubiri mchango mkubwa wa ghafla.

MIPAKA YA VYOMBO

Vyombo navyo vina mipaka, na muuzaji anayeahidi kila kitu aogopwe. Joto peke yake hubadilisha mwendo wa daraja. Nchini Uswisi daraja la Z24 lilipimwa kwa karibu mwaka mzima kabla ya kubomolewa mwaka 1998, na ilionekana kuwa baridi iliyogandisha lami yake ilibadilisha mwendo kuliko baadhi ya uharibifu uliofanywa kwa makusudi. Arusha haina barafu ya namna hiyo barabarani, lakini tofauti ya Julai yenye baridi na Februari yenye joto ipo. Vipimo vya wiki moja havitoshi. Unahitajika mzunguko wa mwaka mmoja ili kujua hali ya kawaida.

Aidha, chombo huweza kusema kuna kilichobadilika, lakini kusema ni wapi, kwa kiasi gani na jengo limebakiza muda gani ni kazi ngumu zaidi, inayomhitaji mhandisi. Jengo lililozaliwa dhaifu, kwa nondo pungufu au saruji kidogo, linaweza kuonekana halina mabadiliko yoyote hadi siku linapozidiwa. Kwa hilo dawa ni michoro, kibali na usimamizi wakati wa kujenga, kazi ambayo Bodi ya Usajili wa Wahandisi, Bodi ya Usajili wa Makandarasi na halmashauri zimepewa kisheria.

YA KUULIZA KABLA YA KULIPA

Kwa mpangaji, maswali manne yanatosha kuanzia. Kibali cha ujenzi kilikuwa cha ghorofa ngapi, na zilizopo ni ngapi? Jengo lilichorwa kwa makazi, maduka au stoo? Kuna kazi ya kuchimba, kubomoa ukuta au kuongeza ghorofa inayoendelea ndani au kiwanja cha jirani? Mhandisi aliyesajiliwa alikagua lini, na ripoti iko wapi? Mwenye jengo anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kumpa mpangaji jibu la kutosha kumfanya aangalie fremu nyingine.

Kwa mwenye jengo, kazi ya kwanza ni kupiga picha za nguzo zote zinazoonekana, kuweka alama kwenye nyufa zote, na kuandika tarehe. Ya pili ni kupanga uzito, bidhaa nzito zikae chini na uzito wa juu uandikwe kwenye mkataba wa pango. Ya tatu ni kumwita mhandisi baada ya tetemeko lolote lililosikika na kabla ya mabadiliko yoyote ya matumizi.

Kwa msafirishaji, ni kutoa taarifa anapoona kingo za daraja zimemomonyoka au sakafu yake imeshuka. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za mitaa na vijiji ziko chini ya TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Dereva anayevuka mara 4 kwa wiki huona mabadiliko mapema kuliko mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka.

Masika huanza Machi. Mwenye jengo atakayeweka alama na vioo kabla ya mvua hizo atakuwa na vipimo vya kulinganisha ifikapo Juni, na mpangaji wake atakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kusaini mkataba wa mwaka unaofuata.